Namba kwenye swichi si kilo

Wenzetu wengi wanaoendesha malori ya theluji, yale yanayomwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, kule Minnesota, Marekani, hufundishwa kazi na dereva aliyetangulia, na pamoja na kazi hurithi imani zake. Inayoleta hasara kuliko zote ni hii: kwamba namba ya kwenye swichi ya kumwagia inakuambia chumvi inatoka kiasi gani.

Haikuambii. Malori mawili ya aina moja, yaliyonunuliwa siku moja, yatamwaga tofauti kwenye namba 4 ileile, kwa kuwa mkanda unaotoa chumvi wa moja umelegea au lango lake la nyuma limeachwa wazi zaidi kwa upana wa kidole. Mwamuzi ni mizani. Acha mafuta ya haidroliki, yale yanayousukuma mkanda, yapate moto, weka injini kwenye mzunguko wa kazini, zima ile sahani inayorusha chumvi, tandika turubai chini. Mwaga dakika moja, kisha pima. Ukipata kilo 40, zidisha kwa 60, gawanya kwa mwendo: ukienda kilomita 40 kwa saa, hizo ni kilo 60 kila kilomita. Ukishuka hadi 20 ni kilo 120, na swichi hujaigusa! Rudia kwa kila namba, andika kwenye kadi, ibandike mbele ya dereva. Turubai la kwanza nililopima lilinishinda kulinyanyua peke yangu, na nilikuwa nikiiita namba ile "kidogo".

Wengine husema lori lenye kompyuta halihitaji haya. Kompyuta hufuata mwendo wa magurudumu, ni kweli, lakini kilo inazohesabu ni zile ilizoambiwa. Ikiwekewa kipimo kibovu itakosea njia nzima. Na kupima mara moja hakutoshi: pima kila msimu, kila baada ya matengenezo, na kila mzigo unapobadilika, maana mchanga hautoki kama chumvi.

Eti baridi ikizidi, ongeza chumvi? Kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri, kilo moja huyeyusha takriban kilo 46 za barafu. Kwenye nyuzi 7 chini, hazifiki 9. Ikipita nyuzi 9 hivi, chumvi ya kawaida inafanya kazi polepole mno. Mwaga mchanga upate mshiko.

Ziada haipotei. Kloridi iliyomo kwenye chumvi haiozi, huteremka na maji hadi ziwani ikakaa humo. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua lita 19 za maji. Barabara ikikauka, tazama pembeni: zile punje nyeupe zilizobaki hazikuyeyusha chochote.