Utegemezi wa jeni si ushahidi kwamba jeni ndiyo chanzo cha saratani

Nimelisikia tena juma hili, safari hii kwa wanafunzi wa tiba hapa Mwanza: jeni imekatwa kwa krispa (CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa), seli za saratani zikafa, basi imeshaitwa jeni ya saratani. Hapana.

Utegemezi wa jeni ni hali ya seli kushindwa kuishi au kuongezeka jeni hiyo inapozimwa. Seli za maabara hupandikizwa maelfu ya RNA elekezi, kwa kawaida kila seli ikipata moja, nazo hukielekeza kimeng'enya cha Cas9 mahali pa kukata. Wiki mbili tatu baadaye huhesabiwa RNA zipi zimepungua, maana seli zilizozibeba zimekufa au zimedumaa. Programu kama MAGeCK, ya mwaka 2014, hulinganisha hesabu hizo na kutoa alama ya kila jeni.

Tatizo liko kwenye kuisoma alama. Jeni za ribosomu na proteasomu hupata alama hasi kupindukia, yaani seli hufa zinapozimwa, karibu katika kila aina ya seli, kwa sababu hakuna seli inayoishi bila kutengeneza protini na kuondoa zilizochakaa. Toboa mtumbwi wowote pale Kirumba, hapa Mwanza, utazama. Hujagundua lolote kuhusu mtumbwi wa mvuvi haramu. Ndiyo maana mradi wa DepMap wa Broad Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, unaopima utegemezi huu katika seli nyingi za saratani, huweka 0 kwa jeni zisizohitajika, na -1 kama alama ya katikati ya jeni zinazohitajika na karibu seli zote. Anayekuonyesha -1 bila kukuonyesha seli nyingine zilipata ngapi, bado hajasema kitu kuhusu saratani.

Kuna mtego mwingine, nao umewapoteza hata wachambuzi hodari. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba pale ambapo kipande cha kromosomu kimejirudia mara nyingi, kama inavyotokea sana katika saratani, Cas9 hukata sehemu nyingi kwa mpigo. Seli hufa kwa majeraha ya DNA, hata kama jeni iliyolengwa haikuwa ikifanya kazi yoyote. Programu ya CERES ya mwaka 2017 iliundwa kusahihisha kosa hilo. Anayechambua data bila marekebisho hayo anapima majeraha, si uhitaji.

Utegemezi wenye maana kwa tiba ni ule wa kuchagua. Jeni ya WRN, ambayo utegemezi wake uliripotiwa 2019, inahitajika na seli za saratani zilizopoteza uwezo wa kurekebisha makosa fulani ya kunakili DNA, zikiwamo baadhi za utumbo mpana, tumbo na mji wa mimba. Seli nyingine huishi vizuri bila hiyo. Na WRN siyo iliyosababisha ugonjwa huo.

Mfano wa kinyume, jeni iliyo chanzo kweli, upo karibu nasi. Limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga inayowapata watoto wa ukanda huu wa Ziwa, huendeshwa na jeni ya MYC iliyohamishiwa jirani na jeni za kingamwili. Lakini MYC inahitajika na seli za saratani za aina nyingi mno, hivyo alama yake pekee isingekuelekeza kwenye Burkitt. Uhamisho huo ulijulikana kwa kuchunguza kromosomu, miongo kadhaa kabla ya krispa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuseme tu kwamba seli hizi zinaihitaji jeni hii, kisha tuulize ni seli zipi haziihitaji.