Raba za usukani wa skuta: yanayosemwa na yalivyo

Raba ya usukani ikianza kunata, kuchanika au kuzunguka mkononi, kila mtu ana ushauri wake. Mwingine ni wa kukuangusha.

"Ni urembo tu, endesha hivyo hivyo."
Ukifunga breki ghafla, uzito wa mwili unakuja mbele na kuegemea mikono. Raba ya kushoto iliyolegea ikichomoka wakati huo, mkono unaondoka nayo. Ya kulia ikilegea, unavuta mafuta inazunguka yenyewe na skuta haiitiki, pengine ukiwa katikati ya makutano.

"Kushoto na kulia ni raba ile ile."
Zitazame tundu zake kabla ya kuzivalisha. Ya kushoto inakaa juu ya bomba la chuma, ambalo kwenye skuta nyingi lina kipenyo cha milimita 22 hivi. Ya kulia inakaa juu ya mrija wa plastiki wa akseleta, unaozunguka nje ya bomba hilo, ndiyo maana tundu lake ni pana zaidi, karibu milimita 25. Ukizibadilisha, ya kulia italegea upande wa kushoto, na ya kushoto itaubana mrija hadi akseleta iwe nzito.

"Paka grisi au mafuta, itaingia kirahisi."
Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Inaingia kirahisi kweli, na itatoka kirahisi vile vile. Mafuta hayakauki chini ya raba; yanabaki humo, na ya petroli huivimbisha na kuilainisha raba. Sabuni ina afadhali kidogo, lakini ikilowa mvua inateleza upya.

Tumia spiriti, au gundi maalumu ya raba za usukani. Spiriti hulainisha kwa dakika chache kisha huyeyuka hewani. Gundi hiyo nayo huteleza ikiwa mbichi na hushika ikikauka. Kwanza kwangua gundi ya zamani na upanguse bomba mpaka liwe kavu na safi. Mimina spiriti kidogo ndani ya raba, ziba tundu kwa kidole gumba, tikisa, mwaga inayobaki, kisha sukuma huku ukizungusha, kwa mkupuo mmoja. Ukisimama katikati kupumua, inaweza kushika hapo hapo. Supagluu ndiyo mbaya kabisa kwa hilo: raba inaganda nusu njia, haiendi mbele wala hairudi.

"Ya zamani ing'olewe kwa koleo."
Kwa nini upigane na kitu unachokwenda kukitupa? Ichane kwa wembe kwa urefu wake, ukikata kuelekea mbali na mkono wako. Upande wa kulia kata kijuujuu tu, maana chini yake ni plastiki na mrija ukipata mkwaruzo mkubwa unaweza kupasuka baadaye.

"Sukuma mpaka igote."
Kushoto sawa. Kulia acha nafasi ya milimita moja au mbili kati ya raba na kasha la swichi, na nyingine kabla ya kizito cha ncha ya usukani, kile kipande cha chuma kinachofungwa mwishoni mwake. Raba ikigusa popote, akseleta inaweza kukwama ikiwa wazi. Skuta nyingi za kisasa hazina klachi ya mkono, kile kishikio cha kushoto ni breki. Kwa hiyo akseleta ikikwama huna cha kukata nguvu zaidi ya breki na swichi ya kuzima injini.

Jaribu injini ikiwa imezimwa: zungusha akseleta mpaka mwisho, iachie. Lazima irudi yenyewe, kwa haraka, isikike ikigonga. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Ikirudi polepole, usiwashe.

"Raba nene ndiyo dawa ya mtikisiko."
Inasaidia kidogo, ila kwa mwenye kiganja kidogo inachosha mkono na kumsogeza mbali na breki. Kazi kubwa ya kupunguza mtikisiko hufanywa na vile vizito vya ncha, ambavyo watu huvitoa wakati wa kubadilisha raba na kuvisahau kwenye boksi la spana.

"Ukimaliza, washa uondoke."
Gundi ina muda wake, usome kwenye chupa. Kuiacha ikauke usiku mzima ni salama zaidi. Kisha shika raba ya kushoto kwa mikono miwili, uizungushe kwa nguvu zako zote. Ikisogea hata kidogo, itoe uanze upya.