Skwadroni si ndege zinazoruka pamoja

Ndege nne za kivita zikipita juu ya uwanja wa gwaride, utasikia mtangazaji akisema skwadroni imepita. Haijapita. Zimepita ndege nne, na huenda hata si za skwadroni moja.

Skwadroni ni kikosi cha kudumu cha jeshi la anga chenye namba yake, kamanda, marubani, mafundi na ndege, kwa kawaida za aina moja, mara nyingi kati ya 12 na 24. Ngazi za juu yake hutofautiana; hata Waingereza na Wamarekani, wenye majina yaleyale, wamezipanga kinyume. Tuziache.

Kinachochanganywa ni kikosi na mpangilio wa kuruka. Mpangilio huamuliwa kwa kila safari, na ndege zikitua umekwisha. Mwaka 1940 wapiganaji wa anga wa Uingereza waliruka watatuwatatu, wamebanana, kiasi kwamba wale wawili wa pembeni walitumia macho yao kukwepa kumgonga kiongozi badala ya kumtafuta adui. Wajerumani, kwa mafunzo waliyoyapata katika vita vya Hispania, waliruka wawiliwawili kwa nafasi, mmoja akishambulia na mwenzake akimlinda mgongo. Jozi mbili zikafanya kundi la ndege nne. Waingereza wakaja kuuiga mtindo huo. Skwadroni zao zilibaki zilezile, namba zilezile. Kilichobadilika ni namna ya kuruka tu.

Chukua Skwadroni ya 617 ya Uingereza. Usiku wa Mei 16 kuamkia 17, 1943, ndege zake 19 za mabomu aina ya Lancaster ziliondoka kituo cha Scampton, Uingereza, kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani. Hazikuruka kama kundi moja, bali kwa mawimbi matatu. Nane hazikurudi. Kama skwadroni ingekuwa ndege tu, karibu nusu yake ingefutika usiku ule. Lakini ilijaziwa watu na ndege, ikaendelea na vita, na leo, baada ya kuvunjwa na kuundwa upya zaidi ya mara moja, inarusha ndege za kivita aina ya F-35.

Kwa hiyo ukisoma kwamba nchi fulani imepeleka skwadroni mbili, usihesabu ndege 40 angani: nyingine ziko karakana, nyingine zinafundishia. Na zikipita nne, sema ndege nne. Ukiijua skwadroni yao, itaje pia.