Dozi Sahihi, Mgonjwa Sahihi, na Bado Akadhurika

Wanafunzi wapya wa uuguzi wanapofika wodini, kabla hawajagusa toroli la dawa, mimi huwauliza: utajuaje kwamba dawa hii ni salama kumpa huyu? Jibu huja kwa sauti moja: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Hufurahi kuwasikia, maana huo ndio msingi. Kisha huuliza tena: yote matano yakiwa sahihi, mgonjwa anaweza kudhurika? Hapo wote hunyamaza.

Anaweza. Mambo hayo matano yanathibitisha kwamba ulichoshika mkononi kinalingana na kilichoandikwa kwenye chati. Hayathibitishi kwamba kilichoandikwa bado kinamfaa mtu aliyelala mbele yako. Chati iliandikwa jana, au juzi. Mwili haukumsubiri mwandishi.

Nilijifunza hilo nikiwa bado mchanga kazini. Nilikuwa na mzee mwenye moyo dhaifu, anayetumia digoksini pamoja na furosemidi ya kupunguza maji mwilini. Nilikagua jina, kidonge, miligramu, saa, kila kitu. Mzee akaniambia chakula kimemkinai tangu jana na kwamba taa za wodi zina rangi ya manjano. Nikamjibu kwa upole kwamba atapata nafuu, nikamimina maji kwenye kikombe. Dada muuguzi aliyekuwa zamu nami akauliza kutoka kitanda cha pili, "Mapigo yake ni mangapi?" Sikuwa nimehesabu. Tuliweka stetoskopu kifuani tukasikiliza dakika nzima: 48.

Digoksini huimarisha mkazo wa moyo na kupunguza kasi yake. Furosemidi hutoa maji, lakini maji hayo huondoka na madini ya potasiamu, na potasiamu ikipungua digoksini huushika moyo kwa nguvu kupita kiasi. Kukinai chakula, kichefuchefu, kuona vitu vya manjano: hizo ni dalili za digoksini iliyozidi, nami nilizichukulia kama manung'uniko ya mtu aliyechoka kulazwa. Kwa mtu mzima, mapigo yakiwa chini ya 60 unasimamisha dozi na kumwita daktari. Kanuni hiyo nilikuwa nimeifaulu kwenye mtihani. Kilichonikosa ni kuiunganisha na sauti ya mzee yule, na bado inaniuma.

Ndiyo maana siwapi sana wanafunzi orodha ndefu za majina na madhara ya kukariri. Nataka kwa kila dawa wajue inafanya nini mwilini, na inatoka mwilini kwa njia gani. Hilo la kutoka wengi hulipuuza. Digoksini, jentamaisini ya kuua bakteria na magnesiamu salfeti ni dawa tatu zisizo na undugu wowote, lakini zote hutoka mwilini kupitia figo. Kwa hiyo mfuko wa mkojo ulioning'inia pembeni mwa kitanda unakueleza habari za dawa zote tatu. Mkojo ukipungua, dawa inayoingia inazidi inayotoka, hata kama dozi haijabadilika.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza, unamgonga chini ya pia ya goti uone kama mguu unaruka. Unahesabu pumzi, ziwe angalau 16 kwa dakika. Unapima mkojo, uwe angalau mililita 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Ukielewa kwamba magnesiamu hulegeza misuli na mawasiliano ya neva, huhitaji kukariri mpangilio huo. Goti hunyamaza kwanza, kisha pumzi huzama, kisha moyo husimama. Goti ni kengele inayolia mapema. Nawe unakaa karibu na kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu, gramu 1, yaani mililita 10 za myeyusho wa asilimia 10, itakayoingizwa polepole kwenye mshipa iwapo pumzi zitakwama. Dawa hiyo iwe karibu na kitanda kabla hujaihitaji.

Sasa hesabu, ambayo najua huwatisha wengi. Makosa mengi niliyoyaona hayakutokana na kutojua kugawanya. Yalitokana na nukta na sifuri. Ukiandika 1.0 mg, nukta ikififia inasomeka 10. Ukiandika .5 mg bila sifuri mbele, inasomeka 5. Insulini ikiandikwa "10U", herufi hiyo hugeuka sifuri na mtu akasoma 100; andika neno "yuniti" lote. Na insulini ya kawaida ina yuniti 100 katika mililita 1, kwa hiyo yuniti 10 ni mililita 0.1 tu, tone dogo ambalo bomba la kawaida la sindano haliwezi kulipima kwa uhakika. Tumia bomba la insulini. Kama halipo, litafutwe; usikadirie.

Ukimaliza hesabu, tazama jibu kwa macho ya mtu mzima. Watengenezaji hufungasha dawa ili dozi ya kawaida itoke kwenye ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) au kidonge kimoja, viwili. Ukijikuta unavunja ampuli ya sita kwa mgonjwa mmoja, weka chini na umwite mwenzako ahesabu upya bila kuona jibu lako. Akiliona kwanza, atakubaliana nawe tu.

Kuhusu kloridi ya potasiamu iliyokolea nasema kwa ufupi: haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa kamwe. Inaweza kusimamisha moyo papo hapo. Huchanganywa na kupitishwa taratibu, na haipaswi kukaa rafu moja na maji ya kuchanganyia dawa.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza kwa nusu madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika, ndani ya miaka 5. Katika kampeni hiyo mgonjwa mwenyewe alihesabiwa kuwa mlinzi wa dawa zake, na hapo ndipo nataka wanafunzi wangu waanzie. Mgonjwa akisema, "Kidonge changu cha siku zote ni cheupe, hiki mbona cha waridi?" usimwambie ameze tu. Huenda kampuni imebadilika, huenda umeshika dawa ya jirani yake. Rudi kwenye chati, soma pakiti, muulize mfamasia. Ukisimamisha dozi, andika saa, sababu na uliyemjulisha. Halafu rudi kitandani umweleze ulichokikuta, kwa sababu ameuliza na bado anasubiri na glasi ya maji mkononi.