Je, wajua kwa nini bendi ya Small Faces ilitikisa Uingereza halafu Marekani ikapita kama upepo?

Mtafute mzee wa Kiingereza aliyekuwa kijana miaka ya 60 umwambie akutajie bendi za mod, yaani wale masharobaro wa suti za kubana na vespa zenye vioo kibao, atakutajia The Who na hapohapo atakutajia Small Faces, na kama ni mtoto wa mashariki ya London anaweza akaanza nao kabisa. Sasa mtafute Mmarekani wa rika lilelile. Huyo atakumbuka wimbo mmoja, Itchycoo Park, basi, kwisha habari.

Na sio kwamba jamaa walikuwa wabovu, hapana. Steve Marriott, mwimbaji wao, alikuwa muuzaji kwenye duka la vyombo vya muziki pale Manor Park, akaja dogo mmoja anaitwa Ronnie Lane anataka gita la besi, wakapiga stori weee mpaka wakaishia nyumbani kwa Marriott kusikiliza rekodi za soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, Lane kaondoka na besi yake aina ya Harmony na rafiki juu. Hiyo ndo 1965. Dramu akakaa Kenney Jones, kinanda kikaja kushikwa na Ian McLagan. Jina nalo lina maana yake: kwenye lugha ya mtaani ya wamod, "face" ni mtu anayeheshimika kwa pamba zake, na "small" ni kwa sababu walikuwa wafupi, yaani wote. Marriott na kaumbo kale alikuwa na sauti ambayo ukifumba macho unaona jitu la futi sita linalia kanisani. Agosti 1966 wakatoa All or Nothing ikaenda namba 1 Uingereza.

Na hapo ndo utamu wa swali, maana muziki wenyewe walikuwa wameuchukua kwa watu weusi wa Marekani! Iweje mwenye shamba asiyatambue mahindi yake?

Kwa maoni yangu watu wanakosea wanaposema Marekani iliwakataa. Haikuwakataa, haikuwahi kukutana nao. Small Faces hawajawahi kufanya ziara Marekani hata moja.

Enzi zile hakuna intaneti, nchi yenyewe kubwa, kila mji una redio zake na madijei wake, ukitaka kujulikana ilibidi upeleke sura yako. Beatles walitua Februari 1964 wakaonekana kwenye shoo ya TV ya Ed Sullivan na watu kama milioni 73 kwa usiku mmoja. The Who, ambao ndio wenzao hasa, walikaa miaka bila kueleweka kule mpaka 1967 walipoenda kuvunja magita kwenye tamasha la Monterey, California, halafu wakazunguka nchi nzima wakiwafungulia Herman's Hermits, bendi ya watoto wa shule kabisa, lakini walimeza wakaenda, na mwisho wa mwaka I Can See for Miles ikaingia kumi bora. Waulize The Kinks gharama ya kutoonekana: chama cha wanamuziki kule kiliwanyima vibali kuanzia 1965 mpaka 1969, na miaka hiyo ndo walikuwa moto.

Sasa kwa nini Small Faces hawakwenda? Anza na meneja. Don Arden alikuwa mtu wa hela ya leo leo. Aliwapa pauni 20 kwa wiki pamoja na ruhusa ya kuchukua nguo kwa mkopo maduka ya Carnaby Street, mtaa wa mitindo London, vijana wakaona wametoboa kumbe wapi, kisha akawazungusha shoo baada ya shoo humohumo Uingereza. Kuwekeza Marekani ni kutoa hela kwanza usubiri, na hilo halikuwa somo lake. Kule rekodi zao zilitoka mara lebo hii mara lebo ile, hakuna anayezisukuma, zikafa kimyakimya.

1967 wakahamia Immediate, lebo ya Andrew Loog Oldham, na hapo mambo yakaanza kunyooka. Itchycoo Park, ule wimbo wenye dramu zinazosikika kama ndege inapita juu ya paa, ukapanda Marekani mpaka namba 16 Januari 1968. Mlango huo umefunguka! Sasa sikia bahati mbaya: mwishoni mwa 1967 McLagan alikuwa amekamatwa na bangi uwanja wa ndege wa Heathrow, na ukiwa na kesi ya dawa kupata viza ya Marekani ikawa kizungumkuti. Yaani wimbo umefika, wenyewe hawajafika. Tin Soldier iliyofuata, ambayo mimi naiona ndo ngoma yao kali kuliko zote, kule iliishia namba 73.

Halafu kuna suala la lugha. Lazy Sunday imeimbwa kwa lafudhi ya mtaani ya mashariki ya London, majirani wanagonga ukuta, chai, utani wa vichochoroni. Albamu yao kubwa, Ogdens' Nut Gone Flake ya Mei 1968, upande wa pili wote ni hadithi ya kijana anayetafuta nusu ya mwezi iliyopotea, inasimuliwa na mchekeshaji Stanley Unwin kwa Kiingereza cha kukorogwa ambacho hata Waingereza wenyewe wanakisia. Kasha lake la mviringo kama kopo la tumbaku, ukiliweka kwenye shelfu la duka linabingirika linadondoka. Uingereza ilikaa namba 1 wiki sita. Marekani ilifika 159.

Na haijakaa sawa, bendi ikavunjika. Marriott alishuka jukwaani mwisho wa 1968 akasepa.

Ushahidi kwamba kipaji hakikuwa tatizo ni kilichofuata. Marriott akaunda bendi ya Humble Pie na mpiga gita Peter Frampton, wakaipiga Marekani ziara mfululizo, albamu yao ya laivu iliyorekodiwa ukumbi wa Fillmore East, New York, ikatoka 1971 ikauza mpaka ikapata hadhi ya dhahabu. Waliobaki wakamchukua mwimbaji Rod Stewart na mpiga gita Ronnie Wood wakajiita Faces, nao wakajaza kumbi kule. Kichekesho ni kwamba albamu yao ya kwanza, 1970, Wamarekani waliitoa kwa jina la Small Faces, bendi ambayo haipo tena na ambayo hawakuwahi kuiona.

2012 Small Faces na Faces zikaingizwa pamoja Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa rock, kule Cleveland, Marekani. Marriott alishakufa kwa moto nyumbani kwake Essex 1991. Lane alihamia Marekani akiugua, amezikwa mji wa Trinidad, jimbo la Colorado. Na McLagan, yule yule wa Heathrow, alihamia Austin, Texas, akawa anapiga kinanda kwenye baa za mji ule na kujaza watu, mpaka alipofariki hukohuko Desemba 2014.