Gesi ya klimatizeri haiishi kama mazuti

Kila Oktoba, joto la Lubumbashi linapopanda kabla ya mvua, mafundi wa frigo hawapumziki. Kutoka Golf hadi Kampemba ombi ni lile lile: "Fundi, njoo uongeze gesi, mwaka umepita."

Gesi ya klimatizeri haichomwi wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikibeba joto la chumbani kulipeleka nje. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi tena, nawe utamlipa tena. Kibaya zaidi ni kujaza mashine ambayo haikupungukiwa: presha inapanda, na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi na ambayo ni ghali kuliko vyote, ndiyo inayoumia.

Mbona basi haipozi? Mara nyingi ni vumbi. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, vumbi letu jekundu linaziba chujio la ndani na mapezi, vile vibati vyembamba vya chombo cha nje. Hewa isipopita, hata barafu inaweza kuganda kwenye mabomba, na hapo ndipo gesi husingiziwa. Kata umeme, osha chujio kwa maji, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Chombo cha nje kimwagie maji taratibu, maana mapezi yake hupinda upesi.

Mpira wa kutolea maji nao uangalie: mvua zikianza, unyevu unaongezeka, na mpira ukiziba maji yatashuka ukutani.

Bado haipozi? Mwite fundi, lakini apime presha na kutafuta mvujo kabla ya kufungua chupa yake.