Bell na Agusta hawakuungana

Ubia ni kampuni mbili au zaidi kuchangia mtaji, ujuzi na hatari ya hasara kwenye kazi moja maalumu, kila moja ikibaki na jina lake, wenye hisa wake na madeni yake. Mara nyingi huunda kampuni nyingine ya kusimamia kazi hiyo. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Shida iko vijiweni, ambako ubia huitwa kuungana, yaani kampuni mbili kuwa moja. Hapa Mwanjelwa chopa ikikatiza angani, hakosi mjuzi wa kusema, "Bell na Agusta si waliungana kitambo!" Wengine wanaitikia, kahawa inaendelea.

Mwaka 1998 kampuni mbili za kuunda helikopta, Bell ya Marekani na Agusta ya Italia, ziliunda Bell/Agusta Aerospace kwa kazi mbili: helikopta ya AB139, na BA609, chombo kinachopaa wima kama helikopta kisha kinalaza rota zake (mapanga yanayozunguka) mbele na kwenda kama ndege ya kawaida. Kwenye 609 mbia wa kwanza wa Bell alikuwa Boeing, akajitoa mwaka huohuo. Lakini Bell na Boeing waliendelea pamoja na V-22 Osprey, chombo cha kijeshi cha aina hiyohiyo. Sasa kama ubia ni kuungana, Bell aliungana na nani hasa?

Ni kama watu wawili wa Ubaruku, mmoja ana kiwanja, mwingine ana mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ina daftari lake, na mashamba ya kila mtu hayamo. Mmoja akichoka, anauza fungu lake na mashine inaendelea kukoboa.

Bell alifanya hivyohivyo. Mwaka 2005 aliuza fungu lake la 139, herufi ya B ikaondoka, ikawa AW139. Mwaka 2011 ikafuata 609, nayo ikawa AW609. Bell yupo mpaka leo, anaunda helikopta zake.

Mjuzi wetu atauliza, "Na hiyo W?" Hapo ana hoja. Ni Westland ya Uingereza, na Agusta na Westland kweli waliunganishwa. Ila wenye mali, Finmeccanica mwenye Agusta na GKN mwenye Westland, waliingia ubia wa nusu kwa nusu, hadi 2004 Finmeccanica aliponunua fungu la mwenzake.

Kwa hiyo, kaka, sema Agusta aliungana na Westland. Kwa Bell, sema waliingia ubia.